Muulize Fundi wa Rilei: Shoti ipo, breka imelala

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwenye gridi ndogo, zile za sola, betri na jenereta zinazojitegemea bila kusubiri gridi kuu. Salamu nimezifupisha, mnisamehe. Namba nimeziacha kama zilivyo, maana bila namba fundi anabaki kupiga ramli.

Shikamoo Fundi. Nasimamia mtambo wa sola wenye betri, inveta (kigeuza umeme wa betri uwe wa majumbani) ya fezi 3 ya kVA 20 na jenereta ya kVA 60 tunayoiwasha mawingu yakizidi. Tuna laini 3, kila moja ina breka ya ampea 40 aina ya C. Laini ndefu ina mita 600 za waya wa alumini wa milimita za mraba 25. Shoti ikitokea mwisho wa laini hiyo tukiwa kwenye jenereta, breka yake inatripu baada ya muda mfupi na wengine wanaendelea na umeme. Ikitokea tukiwa kwenye inveta, breka haishtuki na giza linaingia kote. Inveta inajiwasha, inazima tena, inajiwasha. Nimeshabadilisha breka na hali ni ileile. Je, inveta ni mbovu?
*Msimamizi wa mtambo*

Marahaba, na pole kwa giza. Breka ulizozitoa usizitupe, hazina ubaya. Inveta nayo ni nzima. Kilichobadilika ni chanzo cha umeme, na breka haina njia ya kujua kuwa chanzo kimebadilika.

Ndani ya hiyo C40 mna walinzi wawili. Mmoja ni kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Mkondo ukizidi kinapata joto, kinapinda polepole, mwisho kinafyatua. Mwingine ni koili yenye sumaku, ambayo hufyatua papo hapo mkondo ukiwa mkubwa sana: kwa aina ya B ni mara 3 hadi 5 ya namba iliyoandikwa usoni, kwa C mara 5 hadi 10, kwa D mara 10 hadi 20. Yako basi hukata papo hapo mahali fulani kati ya ampea 200 na 400. Chini ya hapo unasubiri joto. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalisomi: kiwango cha kimataifa cha breka za aina hii, IEC 60898, kinaitaka ivumilie mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima bila kutripu. Kwa yako hiyo ni ampea 45. Ishike hiyo 45, tutairudia.

Twende mwisho wa laini. Alumini ya milimita za mraba 25 ina ukinzani wa omu 1.2 hivi kwa kilomita. Umeme unakwenda kwa fezi na kurudi kwa nyutro, jumla mita 1,200, kwa hiyo omu 1.44. Gawanya volti 230 kwa 1.44 upate ampea 160 kasoro kidogo. Huo ndio mkondo mkubwa kabisa wa shoti mwisho wa laini yako, hata kama nyuma yake ungeweka bwawa zima la kuzalisha umeme. Jenereta nayo ina ukinzani wake wa ndani, basi tuseme 150. Jenereta ya kVA 60 huo inaumudu: katika mizunguko ya kwanza humwaga mkondo mara kadhaa ya uwezo wake, na ikiwa ina msaada mzuri wa usisimuaji (mkondo unaolisha sumaku yake) hushikilia karibu mara 3 kwa sekunde kadhaa, yaani ampea 260. Sasa 150 kwenye breka ya 40 ni karibu mara 4. Koili haiamki, ila ile metali inapata moto wa kutosha na breka inakatika. Ndicho unachokiona.

Inveta haina chuma kizito kinachozunguka. Ina transista, na transista ikizidiwa huungua kabla hujapepesa jicho. Ndiyo maana mtengenezaji ameifunga mdomo: mkondo wake wa shoti hauvuki mara 1.2 au 1.5 ya uwezo, zile zenye misuli hufika 2. Ya kwako, kVA 20 kwa fezi 3, ni ampea 29 kwa kila fezi. Zidisha kwa 1.5, unapata 43 na ushee. Linganisha na ile 45. Breka yako imeamriwa kiwandani isitripu kwa shoti hiyo, na inatii. Wakati huohuo ampea 43 zikipita kwenye omu 1.44 zinaacha volti 62 tu pale mtamboni. Inveta inaona volti zake zimeporomoka kutoka 230 hadi 62, inang'ang'ana kidogo, inajizima ili isife. Kila mtu gizani.

Kwa hiyo ufanye nini? Wa kwanza kukujia atakushauri ununue inveta kubwa zaidi. Mwache apite. Anza majumbani, kwa sababu shoti nyingi za umeme wa aina hii huzaliwa kwenye soketi na nyaya za ndani, si kwenye nguzo. Kila nyumba ipate breka ya ampea 6 aina ya B. Hiyo hukata papo hapo kufikia ampea 30, na inveta yako ina 43 za kutoa, hivyo breka ndogo inamaliza kazi kabla inveta haijachoka. Angalia herufi: breka ya ampea 6 aina ya C inaweza kudai hadi 60 kabla ya kukata papo hapo, na 60 huna. Muuzaji atakuambia zote sawa. Hazilingani hata kidogo.

Zikibaki laini zenyewe, unahitaji kifaa kinachotazama volti pamoja na mkondo. Kifaa hicho ni rilei: inapima umeme na kuiamuru breka ikate. Kwenye orodha ya namba za rilei utaikuta kama 51V: rilei ya mkondo uliozidi inayoongozwa na volti. Volti zikiwa nzuri inakaa kimya na kuruhusu ampea 40. Zikishuka chini ya asilimia 70, inashusha kizingiti chake, tuseme hadi ampea 20, na kuanza kuhesabu. Utauliza: volti si zimeshuka kwa laini zote 3, itachaguaje? Ni kweli zimeshuka kote, lakini kwenye laini nzima mzigo nao umenyauka kwa kukosa volti. Laini yenye shoti pekee ndiyo bado inabeba ampea 43.

Hapa kuna mambo matatu ambayo hayaandikwi kwenye matangazo. Rilei lazima iwe na haraka kuliko inveta, kwa hiyo soma kitabu chake uone inashikilia shoti muda gani. Ikishikilia sekunde 1, rilei ya sekunde 0.3 ina nafasi ya kutosha. Ikijizima kwa sekunde 0.1, hakuna rilei itakayoiwahi, na utalazimika kumwandikia mtengenezaji akufungulie mpangilio huo. Pili, koili inayofyatua breka usiilishe kutoka laini ileile inayolindwa. Kwenye volti 62 koili ya volti 230 itanguruma tu bila kuvuta. Ilishe kutoka kwenye betri. Nimekuta mitambo yenye rilei za fedha nyingi, taa ya kutripu inawaka nyekundu, na breka imekaa vilevile imefungwa, umeme unapita. Tatu, inveta isijiwashe bila kikomo juu ya shoti. Iruhusu mara chache, kisha ijifunge mpaka mtu aje.

Kama kuna pampu kubwa kwenye laini, jaribu kwanza uone inapoanza volti zinashuka kiasi gani. Mota inayoanza huvuta mara 5 au 6 ya mkondo wake wa kawaida, na kwa inveta ndogo hiyo inafanana sana na shoti.

Fundi, laini yetu ya nyaya za wazi ilikatika na waya mmoja ukaanguka kwenye mchanga mkavu. Nyumba zilizo kabla ya pale zikaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mbuzi alikanyaga karibu na waya akafa. Kamati inamlaumu fundi aliyefunga breka. Ana kosa?
*Mwenyekiti wa kamati ya umeme*

Kwa breka, hana. Mchanga mkavu ni kipitishi kibaya. Ukinzani wa waya uliolala juu yake unaweza kuwa omu mamia au maelfu. Chukua 500: volti 230 kugawa 500 ni ampea 0.46. Hiyo ni taa moja ya wati 100. Kwa breka ya laini, waya ule ulikuwa mteja mwingine aliyewasha taa. Hakuna breka ya mkondo uliozidi duniani, iwe ya gridi ndogo au kubwa, itakayomtofautisha.

Swali la kumuuliza fundi ni kama aliweka RCD. Hiki ni kifaa kinachopitisha fezi na nyutro pamoja katikati ya pete ya chuma. Mkondo ulioondoka ukirudi wote, pete haioni kitu. Sehemu yake ikipotelea ardhini, hesabu haibalansi na kinakata. Mwanzoni mwa laini weka ya miliampea 300 yenye kuchelewa kidogo, majumbani weka za miliampea 30 zinazokata bila kuchelewa. Hivyo kosa la nyumba moja linaishia nyumba hiyo. Kwa waya wenu wa miliampea 460, ile ya 300 ingekata.

Sitaki mwondoke mkidhani mmepona. Ukinzani ukiwa omu 1,000, mkondo ni miliampea 230 na RCD ya 300 inaweza kuutazama tu ukipita. Kinga ya kweli kwa nguzo zinazopita wanapotembea watu ni nyaya zilizovikwa plastiki na kusokotwa pamoja. Ukikatika, angalau sehemu kubwa ya waya imefunikwa, na mara nyingi zinakatika zote pamoja au zinagusana, jambo ambalo breka ina nafasi ya kuliona.

Halafu mkague ethi ya mtamboni, yaani kiungo chenu na ardhi. RCD inategemea mkondo uliopotea urudi kwenye chanzo kupitia ardhini, na hilo linawezekana ikiwa nyutro imeunganishwa na ardhi pale kwenye mtambo. Kuna inveta ambazo nyutro yake inaelea, haijashikwa popote. Hapo waya ukigusa ardhi hakuna mkondo wa maana unaorudi, RCD inanyamaza, na mnakaa na hitilafu msiyoijua mpaka ya pili itakapotokea. Makosa ya upande wa pili nayo yapo: nyutro iliyoshikwa ardhini tena mbele ya RCD, pale nguzoni au kwa mteja, huifanya itripu ovyo, na fundi aliyechoka kuamshwa usiku huishia kuiruka kwa waya. Nyutro ishikwe ardhini nyuma ya RCD, upande wa mtambo. Baada ya RCD, ethi na nyutro zisikutane tena.

Kile kitufe cha majaribio kibonyezwe mara kwa mara, ila mjue kinapima kifaa chenyewe tu. Fimbo ya ethi iliyoota kutu hakiioni. Hiyo inapimwa kwa mita yake, na wakati mzuri wa kuipima ni kiangazi, ardhi ikiwa kavu.

Waambieni watu pia: taa zikizimika haina maana waya ulioanguka umekufa. Mmesoma barua ya kwanza. Inveta inaweza kujiwasha yenyewe mtu akiwa ameushika.

Habari Fundi. Kwenye betri zetu za lithiamu za volti 48 tumefunga breka ya kawaida ya nyumbani ya ampea 63 kama kinga. Ilipokata ilitoa moshi na plastiki ikayeyuka. Ilikuwa feki?
*Fundi kijana*

Inawezekana ilikuwa halisi kabisa, ila umeipa kazi ya mwenzake. Umeme wa AC, ule wa majumbani unaogeuza mwelekeo, wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Breka ikifungua midomo yake na cheche ikaruka katikati, cheche hiyo inazimika yenyewe kwenye sifuri. Umeme wa DC, wa betri na paneli, huenda upande mmoja tu na hauna sifuri. Cheche inaendelea kuwaka kama ya kuchomelea vyuma mpaka ikose pa kushika.

Na betri ndiyo chanzo kimoja kwenye mtambo wako ambacho hakina aibu. Seti yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.01, volti 51 zinatoa ampea elfu 5 hivi. Tumia fyuzi ya DC yenye uwezo wa kukata mkondo unaouzidi huo, iwe karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, maana kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi yeyote. Breka ya DC unaweza kuiongeza kwa ajili ya kuwasha na kuzima. Angalia kama ina alama za chanya na hasi. Baadhi zina upande, ukizifunga kinyume haziwezi kuzima cheche.

Paneli ni kinyume chake. Ukizigusanisha nyaya za paneli, mkondo unapanda kidogo tu juu ya ule wa kazi, basi fyuzi kwenye mstari mmoja wa paneli ni pambo. Fyuzi za mistari zina maana ikiunganishwa 3 au zaidi sambamba, ambapo mistari mizima inaweza kuusukumia mkondo mstari mmoja wenye shoti.

Fundi, gridi kuu inatufikia karibuni. Watatuwekea transfoma ya kVA 100 na tutabaki na sola na betri zetu, tukijitenga umeme wao ukikatika. Tukaambiwa breka zetu "zitatosha tu". Zitatosha?
*Mhandisi wa mradi*

Zinatosha kwa lipi? Transfoma ya kVA 100 ya volti 400 ina mkondo wa kawaida wa ampea 144. Ikiwa kizuizi chake (ukinzani wake wa ndani) ni asilimia 4, shoti mlangoni kwake ni 144 kugawa 0.04, yaani ampea 3,600. Breka zilizoandikwa uwezo wa kukata ampea 6,000 zitaimudu. Zilizoandikwa 3,000 usizibakize karibu na transfoma, zinaweza kupasuka. Ukijitenga, mahali palepale, shoti ni ampea makumi machache. Mpangilio mmoja wa rilei hauwezi kuhudumia namba mbili zilizoachana hivyo. Nunua rilei zenye makundi mawili ya mipangilio, zibadilike zenyewe kwa kufuata hali ya swichi kuu inayowaunganisha na gridi: ikiwa imefungwa kundi la gridi, ikiwa wazi kundi la kisiwa, yaani mkiwa peke yenu. Nyaya zinazopeleka habari hiyo zilindwe kama nyaya za umeme wenyewe, na zikikatika rilei iangukie kundi la kisiwa, lile lenye wepesi zaidi. Kutripu bila sababu kunaudhi, kutotripu kunachoma.

Swichi kuu ndiyo ina mambo. Gridi ikikatika, lazima mjitenge haraka, la sivyo mnawasha waya ambao fundi wao juu ya nguzo anaamini umekufa. Kiwango cha Marekani IEEE 1547, kilichotoka 2003 na kuandikwa upya 2018, kinatoa sekunde 2 kwa chanzo kilichobaki kisiwani bila kukusudiwa kuacha kuilisha laini. Mimi ningetaka pungufu ya hapo, kwa sababu breka za gridi nyingi hujirudisha zenyewe baada ya muda mfupi sana, na zikirudi zikikuta mawimbi yenu yamepishana na yao, pigo hilo linaumiza inveta na linaweza kukata shafti ya jenereta. Kwa hiyo mahitaji matatu kwa swichi hiyo: rilei za volti na hezi (namba 27, 59 na 81), rilei ya kulinganisha mawimbi kabla ya kufunga (namba 25), na kufuli inayoonekana kwa macho ambayo fundi wa gridi anaweza kuitia ufunguo wake.

Mkijitenga, kumbuka nyutro. Ikiwa ethi yenu ilikuwa ile ya transfoma, na swichi imeikata pamoja na fezi, kisiwa kinabaki kinaelea. Lazima kontakta (swichi inayojiendesha kwa koili) iunganishe nyutro na ardhi upande wenu wakati huohuo, na iachie gridi ikirudi.

Mwalimu, nasoma umeme mwaka wa tatu. Kwa nini msitumie rilei za tofauti, namba 87, kila mahali kwenye gridi ndogo na kumaliza habari?
*Mwanafunzi*

Wazo lako ni zuri, na kwa msingi liko sahihi kuliko mengine. Rilei 87 inalinganisha mkondo unaoingia kipande cha waya na unaotoka. Kanuni ya Kirchhoff, kwamba mkondo unaoingia lazima utoke wote, haidanganyi: visipolingana, tofauti imepotelea katikati. Haijali kama chanzo ni inveta au jenereta, haijali umeme unatoka upande gani, na haihitaji mkondo mkubwa. Kwenye gridi ndogo yenye umbo la pete na vyanzo pande zote, sioni kinga iliyo bora.

Gharama yake ni rilei mbili, vibadilisha-mkondo (vya kuipimia rilei mkondo) vinavyofanana kila mwisho, na njia ya mawasiliano isiyolala. Kwa laini ya mita 600 yenye matawi 40 ya majumbani, kila tawi ni mkondo unaotoka katikati, na rilei itaona wizi kila mtu anapowasha taa. Iweke mahali pasipo na matawi: kebo kati ya mtambo na kituo cha kugawia, baa za mtamboni zinapokutania nyaya zote, transfoma. Matawini rudi kwenye volti, RCD na breka ndogo.

Ukitaka kusoma zaidi, tafuta kazi ya Robert Lasseter wa University of Wisconsin na wenzake wa CERTS, mradi wa Marekani wa gridi ndogo, uliojaribiwa kwenye kituo cha kampuni ya umeme ya American Electric Power karibu na Columbus, Ohio. Walianza kwa sharti kwamba kinga ya ndani isitegemee mkondo mkubwa wa hitilafu. Soma jinsi walivyolitimiza, halafu chora gridi ndogo ya inveta moja na laini mbili, hesabu shoti kila mwisho, uniandikie namba ulizopata. Nitakuambia breka ipi italala.